Dema Halina Boya

Bagamoyo,
4 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima na umeshiba. Sisi huku tu wazima. Bibi Biubwa anakusalimu sana. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini ulimi haumsumbui hata kidogo. Jana alimwambia muuza maziwa kwamba maziwa yake yameoga kabla ya kuja. Mama naye anakusalimu. Bado mimi na yeye tunakwenda baharini kuinua madema yako ya kutegea samaki kila Jumamosi, na majirani wamechoka kutucheka. Mwanzoni walikuwa wakimwambia mama, "Ashatu, mwakani utaota ndevu!" Siku hizi wanauliza tu kama tasi wamepatikana.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni jambo la shule. Mwalimu Leela, anayetufundisha biolojia kidato cha tatu, ameanzisha klabu ya kupima nyasi za bahari, zile ambazo wewe unaziita majani tu. Tunaweka fremu ya mraba chini, tunaangalia nyasi zimefunika kiasi gani na mchanga umeonekana kiasi gani, tunatazama na samaki wadogo waliojificha humo. Mwalimu anasema tasi, changu na pono hukulia kwenye nyasi kama vifaranga chini ya mbawa za mama yao. Tukipeleka vipimo vya mwaka mzima kwa kamati ya ufukwe, huenda wakakubali kulifunga eneo moja lisivutwe kokoro, ule wavu unaokokota chini.

Shida ni kwamba tulipokwenda kupima karibu na pwani, fremu iliangukia mchanga. Tukaisogeza, mchanga. Kokoro limekokota kila kitu. Mwalimu akatuuliza kama kuna anayejua mahali ambapo nyasi zimebaki. Mimi nikatazama kucha zangu.

Baba, naomba ruhusa nimpeleke shambani kwako, kule baharini unakotega madema. Sitaandika alama zake hapa. Nakumbuka siku uliyonionesha: kitu cha nchi kavu kimesimama mbele ya kingine, kisha ukigeuka, kitu kingine mbele ya kingine, na pale macho yako yanapokutana na yote mawili, hapo ndipo. Ulisema alama hupewa mtoto wa kiume, na Mungu hakukupa, kwa hiyo ulinipa mimi huku ukitazama pembeni, kama mtu aliyedondosha kitu bila kujua.

Ukikataa nitaelewa. Ninasubiri.

Mwanao,
Miza

—

Huku nilipo,
3 Machi 2024

Mwanangu Miza,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imechoka kuliko mimi. Mimi sijambo. Tunalima maharage. Watu wengi wa huku ni wa bara, samaki wanamjua kwa miiba yake tu. Jirani yangu wa kulala anaitwa Shaukat, alikuwa na duka la vitambaa Tanga. Kila jioni anatusomea gazeti kwa sauti, hata matangazo ya misiba ya watu tusiowajua, na sisi tunasema innalillahi.

Msalimie mama yangu. Mwambie nimecheka habari ya maziwa hadi askari akaniuliza kuna nini. Msalimie mama yako. Mwambie dema la upande wa mashariki mlango wake umelegea, alifunge kwa ukambaa, asitumie waya. Tasi anaogopa waya.

Kuhusu shamba: mpeleke mwalimu wako. Mpeleke peke yake, bila wenzako. Babu yako aliniachia mimi lile shamba, na yeye aliachiwa na baba yake, na katika sisi wote hakuna aliyewahi kulipima. Tuliangalia tu. Kama kupima kutalifungia kokoro mlango, basi pima, mwanangu, na baba yako atasema na yeye alikuwa mtu wa utafiti.

Alama usiandike kamwe. Barua zetu husomwa kabla hazijatoka na kabla hazijaingia. Nawasalimu wasomaji.

Habari za Sadallah usiniandikie. Mkono wake umepona au haujapona, sitaki kujua. Nilichofanya nilifanya, na hakimu ameshakisema chote.

Baba yako,
Msabaha

—

Bagamoyo,
28 Aprili 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Idi imepita salama, ingawa mvua hii haitaki kupita. Ruvu imejaa na maji ya bahari yamekuwa ya udongo. Bibi anakusalimu. Siku ya Idi alivaa kanzu yako ile ya zamani juu ya nguo zake, akasema ana baridi. Tulijua si baridi. Sasa halali vizuri, lakini anakula uji. Mama ameufunga mlango wa dema kwa ukambaa kama ulivyosema.

Baba, tumepima! Tulisubiri bamvua ya mbalamwezi, siku ambazo bahari hukupwa sana, mvua ikatuachia asubuhi moja, nikampeleka Mwalimu Leela kwa mtumbwi wetu. Alishika kingo zote mbili njia nzima kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Tulipofika na maji yamekupwa, alishuka, maji yakamfika kiunoni, akainamisha uso na miwani ya kuzamia, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa analia. Nikamuuliza, "Mwalimu, umekanyaga nge wa bahari?" Akasema, "Hapana, Miza. Nilidhani majani haya hayapo tena."

Yapo, baba. Marefu kama utepe wa harusi, na chini yake yale mafupi ya mviringo. Kila tulipoweka fremu, nyasi ziliijaza karibu yote. Vitoto vya tasi vilikuwa vingi, vidogo kama majani ya mkwaju, vinageuka vyote pamoja.

Mwalimu alisema lazima turudi kupima pale pale, maana ukipima hapa leo na pale kesho hujapima kitu. Nikamwambia mimi narudi kwa alama. Akasema, "Alama zako ninaziamini, lakini kamati haitaziamini, na ramani ya simu yangu inakosea hatua kadhaa." Basi tumefunga galoni jeupe la mafuta ya kula kwenye jiwe, tukaliweka katikati ya shamba lielee. Nimeandika juu yake kwa rangi nyekundu: UTAFITI WA SHULE, TAFADHALI USIGUSE. Herufi zimenyooka. Ukisimama ufukweni asubuhi unaliona linang'aa, na mimi kila nikienda shule nalitazama, nafurahi.

Nilipomsimulia bibi, akasema, "Dema halina boya." Nikamwambia, "Bibi, hili si dema, ni nyasi." Akasema, "Haya, msomi," akaomba chai.

Tutapima tena Juni. Niombee.

Mwanao,
Miza

—

Huku nilipo,
19 Mei 2024

Miza,

Marahaba. Nitaandika upesi, askari anayekwenda mjini anasubiri.

Litoe boya. Ukiipata barua hii jioni, usingoje asubuhi. Kata kamba, galoni lipeleke jikoni kwa mama yako.

Bibi yako amekwambia, nawe hukusikia. Kosa si lako, mimi ndiye sikukufundisha lile la pili. Nilikufundisha kufika, sikukufundisha kujificha. Dema halina boya kwa sababu boya linaongea. Linamwambia kila mtu aliye ufukweni: hapa kuna kitu ambacho Msabaha hakutaka mkijue. Miaka yote hiyo nikitoka, nilizunguka mbali kwanza, nikakaa kama mtu anayetupa mshipi, ndipo nikaenda. Ulikuwa ukiniuliza, "Baba, mbona tumepotea?" Hatukuwa tumepotea.

Maandishi yako hawatayasoma. Wataangalia mahali yalipo.

Kata kamba.

Baba yako

—

Bagamoyo,
2 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi na mama tu wazima wa mwili.

Barua yako imefika jana. Boya halipo tena. Hukuchelewa wewe, iliyochelewa ni barua. Walikuja Jumatano.

Nitakuandikia kama nilivyoona, kwa sababu ulinifundisha kutosema uongo na Mwalimu Leela naye amenifundisha kuandika kinachoonekana tu. Asubuhi wakati wa kwenda shule nililitafuta galoni jeupe, nikaona mashua mbili. Kokoro lilikuwa limeshazungushwa. Wanaume walikuwa ndani ya maji, wengine wanavuta kamba, wengine wanapiga miguu chini kuwafukuza samaki waingie. Niliacha mkoba wangu mchangani nikakimbia hadi maji yakanifika kifuani, nikapiga kelele. Sauti haikufika, au ilifika.

Walipolileta ufukweni, kokoro lilikuwa la kijani. Lilikuwa zito kwa nyasi kuliko samaki. Zimeng'oka na mizizi yake, nyeupe, ndefu. Walizipepeta kama watu wanaotoa makapi, wakazitupa. Ndani yake kulikuwa na vitoto vya tasi, vile vya majani ya mkwaju. Hata wao hawakuvitaka, vilibaki mchangani vikarukaruka kidogo. Na madema yako yote, baba, yamekuja ndani ya kokoro yakiwa yamevunjika.

Sadallah alikuwa amesimama, kamba ameizungushia kiwiko kwa sababu vidole vya mkono ule havikunjiki. Ulisema nisikuandikie habari zake, nisamehe. Alinitazama, akasema kwa upole kabisa, "Mtoto wa Msabaha, shikamoo yako iko wapi?"

Nikasema, "Shikamoo."

Akasema, "Marahaba. Baba yako nilimuomba njia, akanipa panga. Wewe hata sikukuomba, umeniwekea taa." Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie mwalimu aweke na lingine, tumemaliza hili!" Sadallah hakucheka. Akachukua tasi wachache waliokuwa wakubwa, akaniwekea kwenye mkoba wangu juu ya vitabu, akasema, "Mpelekee mama yako. Na mimi nina watoto." Nikawamwaga. Sasa najuta kuwamwaga. Jioni ile hatukuwa na kitoweo.

Mwalimu Leela alipeleka vipimo vyetu kwa kamati hata hivyo. Mwenyekiti akamuuliza, "Mnataka tufunge nini sasa, mwalimu, mchanga?" Mwalimu alirudi darasani akafundisha mmeng'enyo wa chakula bila kututazama. Baadaye aliniita akasema, "Miza, mimi ndiye niliyetaka boya." Nikamwambia fundo nilifunga mimi.

Mama anakusalimu. Ameanza kazi kwenye mashamba ya chumvi. Mikono yake imepasuka, usiku naipaka mafuta ya nazi. Amesema shule nisiache, na mimi sijaacha.

Sina la kukuomba. Kanzu yako ile ya zamani nimeifua na kuikunja.

Mwanao,
Miza

—

Huku nilipo,
21 Julai 2024

Mwanangu Miza,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile uliyompa Sadallah. Adabu haikuharibu kitu.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Shaukat, mimi nasema yeye anashika kalamu. Mkono wangu mvivu siku hizi, na yeye mwandiko wake wa dukani, unaona ulivyolala vizuri. Nina kikohozi kidogo cha baridi ya huku. Hapa Shaukat amesita, nimemwambia aandike neno "kidogo," akaliandika.

Samaki wa mtu aliyekukosea si haramu. Siku nyingine wapokee, mama yako ale.

Nimeisoma barua yako, kisha Shaukat akanisomea, kisha nikamwambia basi. Sikukasirika. Nilikuwa na hasira moja tu maishani, nikaitumia yote siku ile. Nilidhani nikimkata mtu mkono, shamba litapona. Shamba lilibaki, mimi nikaondoka, na wewe ukabaki peke yako na jambo ambalo nilikupa nusu. Mwambie mwalimu wako nimempa salamu. Aliyelia alipoyaona majani ni mtu wetu.

Sasa nisikilize. Wasomaji wa barua hii nao wasikilize, haitawafaa kitu.

Unaikumbuka siku kofia yangu ya harusi ilipopeperuka? Ulikuwa mdogo, hujaanza shule, umekaa mbele ya mtumbwi unakula embe. Kofia iliruka, mimi nikainuka kuidaka, nikaanguka majini mzima mzima. Ulicheka mpaka embe likakukaba. Nilipopanda, nikakupigapiga mgongoni, na ulipopata pumzi ulinyoosha kidole nchi kavu ukaniuliza swali la kitoto. Nikakujibu, ukageuka upande wa pili ukaniuliza la pili, linalofanana na lile la kwanza. Mama yako tulimsimulia, bibi yako tulimsimulia, maswali yale yalikuwa mzaha wa nyumba mwaka mzima.

Babu yako alikuwa na mashamba mawili. Lile la pili sikulitega tangu alipofariki, kwa sababu alisema moja ni la kula na moja ni la kupumzika. Siku ile ya kofia nilikwenda kuliangalia tu.

Sijui kama lipo. Nenda wakati wa bamvua. Zunguka mbali kwanza. Usiweke kitu chochote, hata mti, hata uzi. Kinachowekwa kichwani hakielei.

Barua yako ya mwisho haikuwa na salamu za mama yangu. Mama yangu hajawahi kuacha kunisalimu, hata mwaka ule nilipomkasirisha kwa kuoa. Na kanzu yangu ulisema umeikunja.

Usinijibu hilo. Tafadhali, Miza. Siku nitakayotoka nitafika mlangoni, nitapiga hodi, na atakayeitika ataitika.

Baba yako,
Msabaha,
kwa mkono wa Shaukat

—

Bagamoyo,
22 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mzee Shaukat, shikamoo. Mwandiko wake ni mzuri sana, na mimi siulizi kitu. Ulinikataza kujibu, sijajibu. Mama anakusalimu. Chumvi imemfanya macho yawe mekundu, lakini Ijumaa walimpa mapumziko akapika wali wa nazi, akacheka kidogo tulipokumbuka habari ya kofia. Yeye alikumbuka swali la kwanza. Mimi nilikumbuka la pili. Hakuna kati yetu aliyekuwa nayo yote mawili. Yangekuwa ya mmoja, yangepotea.

Sitayaandika.

Nilikwenda kwenye bamvua hii. Mwalimu Leela hakuja. Nilimwambia nakwenda kutazama mahali, akafungua mdomo kuuliza wapi, akaufunga. Akanipa miwani yake ya kuzamia, akasema, "Ukiona kitu, usiniambie wapi. Niambie tu kama wapo wadogo."

Nilizunguka mbali kama ulivyosema. Nilikaa na mshipi usio na chambo mpaka watu wa ufukweni wakachoka kuniangalia. Mmoja alipiga kelele, "Miza, unavua au unasali?" Nikamjibu, "Vyote viwili!" Kisha nikaenda taratibu, nikingoja vitu vya nchi kavu visogeleane. Cha kwanza kilisimama mbele ya mwenzake. Nikageuka. Cha pili kilikuwa kimebadilika, baba, wamejenga ghorofa pale, nikaogopa. Lakini kichwa chake bado kinaonekana juu ya ghorofa, na kilipofika mahali pake nilijua, kwa sababu nilihisi kama naweza kulisikia jibu lako.

Nilitia uso majini. Ni mchanga. Nitasema ukweli wote: kule kulikokuwa na shamba la babu, sehemu kubwa ni mchanga na tope lililoletwa na mvua ya masika. Niliogelea juu yake huku na huku, nikamkumbuka mwenyekiti, nikalia ndani ya miwani mpaka nikawa sioni.

Nilipoimwaga nikaivaa tena, niliona nyuma ya jiwe moja refu, upande ambao kokoro lingenasa likachanika. Majani yamesimama hapo. Ni marefu, ya utepe, yamepauka kwa tope lakini ni mabichi. Nililipangusa jani moja kwa vidole likawa kijani. Na chini yake walikuwepo, baba. Si wengi. Waligeuka wote pamoja.

Sikuweka kitu. Hata fremu sikuwa nayo, nisingeweza kuibeba bila watu kuuliza. Lakini mtu anayepima lazima apime, kwa hiyo nilijipima mimi. Nililala juu ya maji, uso chini, mikono nimeinyoosha mbele. Majani yalianzia kwenye ncha za vidole vyangu yakaishia miguuni. Ndicho kilichobaki.

Mwalimu nimemwambia wapo wadogo. Alifuta ubao ambao tayari ulikuwa umefutwa. Kamati sijaiambia. Nitakwenda tena kila bamvua, nitalala vilevile, na nitakuandikia kama vidole vyangu vinayapita au vinapitwa.

Wewe ni mrefu kuliko mimi. Siku utakayotoka, tutazunguka mbali kwanza, nitakaa mbele ya mtumbwi, na wewe utashuka ulale juu ya majani unyooshe mikono. Ninaomba siku hiyo uwe mfupi.

Mwanao,
Miza